Deliriamu kwa mtoto aliye mahututi: dawa gani, wakati gani, na ikome lini

Mtoto aliyelazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kwa nimonia kali, sepsisi (maambukizi yaliyoulemea mwili mzima) au baada ya upasuaji wa moyo anaweza, siku ya tatu au ya nne, kuanza kurusha mikono, kung'oa mirija, kupiga kelele usiku kucha na kumtazama mama yake kana kwamba hamjui. Kitanda cha pili kuna mwenzake amelala macho wazi, hageuki akiitwa, hashiki mdoli aliopewa, na zamu nzima inamsifu kwamba ametulia. Huenda wote wawili wana tatizo lile lile: deliriamu. Ubongo umeshindwa ghafla kushika umakini na kutambua mazingira, kwa sababu ya ugonjwa wa mwili, dawa, au vyote pamoja. Huja kwa saa au siku chache, kisha hupanda na kushuka. Asubuhi mtoto anaweza kuwa na akili zake timamu, jioni akapotea tena.

Wa kwanza atapewa dawa haraka, pengine haraka mno. Wa pili hatachunguzwa kabisa. Hapo ndipo matibabu ya deliriamu huharibika, kwa kuwa watu hutibu fujo inayowasumbua wao na kuuacha ubongo wa mtoto. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuiponya deliriamu yenyewe. Zipo zinazopunguza dalili kwa muda, zina madhara ya kweli, na mara nyingi dawa inayomsaidia mtoto zaidi ni ile anayoondolewa.

Dozi zilizomo humu ni za kujadiliwa kati ya daktari na mfamasia mahali penye mashine ya kufuatilia moyo. Si za kujaribiwa wodini bila ECG (kipimo cha umeme wa moyo), sembuse nyumbani.

Ionekane kwanza

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika ICU 25 za watoto katika nchi kadhaa, wenye watoto 994. Robo yao walikuwa na deliriamu. Kwa waliokuwa wameshakaa ICU siku 6 au zaidi, kiwango kilifika asilimia 38. Aina ya fujo peke yake ni adimu kwa watoto hawa. Wengi ni wa kimya, au wanaobadilika kati ya kimya na fujo. Kwa hiyo idara inayongojea fujo ndipo iseme "deliriamu" inawakosa walio wengi.

Kipimo kinachotumika sana ni CAPD, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Cornell mjini New York na kuhakikiwa mwaka 2014. Muuguzi hukijaza mara moja kila zamu, karibu na mwisho wake, kwa yale aliyoyaona zamu nzima. Hakichukui hata dakika tano. Kina maswali manane, kila moja alama 0 hadi 4. Manne ya kwanza yanauliza kama mtoto anamtazama machoni anayemhudumia, kama matendo yake yana lengo, kama anatambua kinachoendelea, na kama anaeleza anachotaka. Hapa "daima" ni 0 na "kamwe" ni 4. Manne ya mwisho yanauliza kama anahangaika, kama habembelezeki, kama ametulia kupita kiasi akiwa macho, na kama anachelewa kuitikia; hapa alama zinageuka, "kamwe" ni 0 na "daima" ni 4. Jumla ya 9 na kuendelea inaashiria deliriamu.

Chukua mtoto wa miaka 3, kilo 14, siku ya tano kwenye mashine ya kupumulia akiwa na dripu ya midazolamu, dawa ya kulaza. Anatazama machoni mara nyingine (2), matendo yana lengo mara nyingine (2), anatambua mazingira kwa nadra (3), anaeleza haja yake kwa nadra (3). Hahangaiki kamwe (0), halii kilio kisichonyamazishika (0). Ametulia kupita kiasi mara nyingi (3), na mara nyingi huchelewa kuitikia (3). Jumla 16. Ni mtoto ambaye hakuna aliyelalamika juu yake, naye amepita kikomo kwa mbali.

Mambo mawili hukiharibu kipimo hiki. Kwanza, mtoto aliyelazwa usingizi mzito kiasi kwamba haamki kwa sauti hapimwi. Anasubiriwa hadi aamke. Pili, mtoto mwenye ulemavu wa akili au aliyechelewa kukua anaweza kupata alama nyingi hata siku zake njema, na kwa watoto hao uwezo wa CAPD kutofautisha hushuka hadi karibu nusu. Dawa ya hilo ni kumuuliza mama swali moja: "Huyu ndiye mwanao wa kila siku?" Akisema hapana, aaminiwe. Kwa watoto wachanga na wale walio chini ya miaka 2 kuna jedwali la hatua za ukuaji linaloonyesha, kwa mfano, kutazama machoni kwa mtoto wa wiki 8 kukoje. Libandikwe ukutani, maana bila hilo kila muuguzi atabahatisha kivyake.

Sababu zitafutwe kabla ya kufungua kabati

Deliriamu ni ubongo kulalamika. Ukiunyamazisha kwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, huku sukari ya damu iko 1.9 mmol/L, umefanya jambo la hatari.

Sukari ya damu ndiyo ya kwanza, kitandani hapo hapo. Chini ya 2.5 mmol/L, au chini ya 3 kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, WHO inaelekeza glukosi ya 10% mililita 5 kwa kilo kwenye mshipa. Mtoto wetu wa kilo 14 atapata mililita 70. Pamoja na hiyo huangaliwa oksijeni na hewa ukaa, kisha sodiamu, kalsiamu, potasiamu, figo na ini. Hufuata maambukizi mapya: mrija wa mshipa wa kati, mkojo, mapafu. Katika mazingira yetu ya Afrika Mashariki, mtoto mwenye homa anayeweweseka anapimwa malaria na kufikiriwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kitu kingine chochote, hata kama alilazwa kwa jambo jingine. Degedege lisiloonekana kwa macho nalo hujificha hapa: mtoto anayekodoa macho upande mmoja, anayetafuna hewa au ambaye kope zinachezacheza anahitaji EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), na pasipo na EEG anahitaji daktari atakayesimama kitandani dakika kadhaa kumtazama.

Maumivu yanasahaulika kuliko yote. Mtoto aliyepasuliwa kifua anayepewa midazolamu bila mofini au fentanili ya kutosha atapigana, ataongezewa midazolamu, ataingia deliriamu. Maumivu yatibiwe kwa dawa ya maumivu.

Kisha mazingira. Taa zinazowaka saa 24, kengele za mashine, kupimwa presha saa nane usiku, mikono iliyofungwa kitandani, mzazi anayeruhusiwa kuingia saa moja tu kwa siku. Katika uchunguzi ule wa ICU 25, kufungwa mikono kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoandamana na deliriamu kwa nguvu zaidi. Mama kando ya kitanda, miwani au kifaa cha kusikia vikirudishwa, dirisha wazi mchana na giza usiku, mazoezi mepesi ya viungo: hivi havina madhara kwa moyo wala havihitaji ECG. Idara inayomfungia mzazi nje kisha ikaagiza dawa ya kumtuliza mtoto imejitengenezea mgonjwa.

Mzazi naye aelezwe mapema. Mtoto anayezungumza na watu wasioonekana au anayesema wadudu wanamtambaa huwatia familia hofu ya majini na kurogwa, na hofu hiyo hufanya wengine waombe kumtoa hospitalini wakati mbaya kabisa. Maneno machache kwamba ubongo umelemewa na ugonjwa na dawa, na kwamba kwa kawaida hali hii hupungua ugonjwa unapopungua, huwasaidia kubaki.

Kupunguza dawa

Benzodiazepini, dawa za kulaza na kutuliza (midazolamu, lorazepamu, diazepamu), ndizo chanzo kinachoweza kubadilishwa chenye ushahidi mzito kuliko vyote kwa watoto. Kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo uwezekano wa deliriamu unavyopanda. Dripu ya midazolamu iliyoongezwa usiku ili kila mtu apumzike mara nyingi ndiyo inayoamsha fujo ya usiku unaofuata, nayo fujo hiyo inajibiwa kwa midazolamu zaidi.

Isikatwe ghafla lakini. Mtoto aliyekaa kwenye dripu ya benzodiazepini au afyuni (kundi la mofini na fentanili) siku 5 au zaidi mwili wake umeshazoea. Kawaida hupunguzwa asilimia 10 hadi 20 ya dozi ya mwanzo kwa siku, moja baada ya nyingine. Usipunguze midazolamu na mofini siku moja, kwani ikitokea shida hutajua imetoka wapi. Na kama benzodiazepini au fenobabitoni iko pale kwa ajili ya kifafa, hiyo haiguswi bila mtaalamu.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Kukatiziwa dawa kunafanana na deliriamu: mtoto anahangaika, halali, habembelezeki, CAPD inapanda. Tofauti iko mwilini. Jasho, kuhara, kutapika, miayo, chafya, kutetemeka na misuli kukaza vinaelekeza kwenye kukatiziwa dawa. Kipimo cha WAT-1, chenye alama 12, husaidia. 3 na kuendelea ni dalili ya kukatiziwa. Jambo hili lina uzito kwa sababu matibabu yanakinzana: aliyekatiziwa anahitaji kurudishiwa sehemu ya dawa kisha kupunguziwa polepole zaidi, na mwenye deliriamu ya benzodiazepini anahitaji ziendelee kushuka. Wengine wana vyote viwili. Kwa hao klonidini au deksmedetomidini, dawa za kutuliza zisizo benzodiazepini, husaidia pande zote.

Halafu kuna dawa ndogo ndogo ambazo hakuna anayezishuku. Promethazini na klofeniramini zinazotolewa "apate usingizi", atropini, haiosini ya tumbo: zote huzuia asetilikolini, kemikali ya neva, na huvuruga ubongo. Mtoto mwenye mboni pana, ngozi kavu ya moto, mdomo mkavu, mkojo uliogoma na moyo unaoenda mbio anaeleza mwenyewe kilichomsibu. Steroidi kwa dozi kubwa nazo hufanya hivyo, na ketamini inayopendwa sana hospitalini kwetu inaweza kuleta ndoto za kutisha mtoto anapozinduka. Zote zipitiwe kwenye chati, mstari kwa mstari, mfamasia akiwapo.

Kama mtoto bado anahitaji kutulizwa kwa ajili ya mashine, mwongozo wa PANDEM uliotolewa mwaka 2022 na chama cha Marekani cha madaktari wa wagonjwa mahututi unaelekeza kupunguza benzodiazepini na kutanguliza kundi la deksmedetomidini. Huanza mikrogramu 0.2 hadi 0.5 kwa kilo kwa saa kwenye dripu, bila dozi kubwa ya kuanzia kwa mtoto ambaye presha yake haijatulia. Hupunguza mapigo ya moyo na presha, na hizo ndizo sababu mbili za kuishusha. Ni ghali, na hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina. Klonidini kwa mpira wa kulishia, mikrogramu 1 hadi 3 kwa kilo kila saa 8, ndiyo mbadala wa karibu, kwa tahadhari zile zile; na ikitumika kwa siku nyingi isiachwe ghafla, presha itaruka.

Melatonini jioni hutolewa sana kurekebisha usingizi. Ushahidi wake ni mwembamba, madhara yake ni madogo. Haina neno, alimradi taa zinazimwa pia.

Antisaikotiki zinaingia wapi

Antisaikotiki ni dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli. Kwa watu wazima swali la kama zinatibu deliriamu limejaribiwa vizuri. Mwaka 2018 jaribio la MIND-USA lililinganisha haloperidoli, ziprasidoni na dawa bandia kwa wagonjwa 566 wa ICU wenye deliriamu. Hakuna iliyofupisha muda wa deliriamu. Mwaka 2022 jaribio la AID-ICU, lenye wagonjwa takriban 1,000, halikupata tofauti ya maana kati ya haloperidoli na dawa bandia katika siku za kuwa hai nje ya hospitali. Kwa watoto hakuna majaribio ya ukubwa huo. Kilichopo zaidi ni taarifa za wagonjwa waliokwisha kutibiwa, na hizo haziwezi kutenganisha kazi ya dawa na kupona kwa ugonjwa wenyewe.

PANDEM inasema hivyo hivyo: antisaikotiki zisitumike kwa kawaida kuzuia deliriamu wala kuifupisha. Zinaweza kufikiriwa kwa mtoto mwenye dalili kali zilizokataa hatua nyingine, na kabla ya hapo ipigwe ECG ya waya 12, kisha QTc (kipimo cha muda wa moyo, kinaelezwa chini) na madini ya damu vifuatiliwe.

Tunavyoona sisi, "dalili kali" iwe na maana finyu. Mtoto anayekaribia kung'oa mrija wa kupumulia, asiyelala saa 24 au zaidi, anayeona vitu vya kutisha na kulia kwa hofu, au ambaye fujo yake inalazimisha benzodiazepini zirudi kila jioni. Mtoto wa kimya aliye salama kitandani hana sababu ya kupewa haloperidoli. Faida yake kwake haijaonyeshwa, na madhara yapo pale pale. Tofauti ni pale ukimya wake unapoambatana na njozi zinazomtesa, naye anaweza kuzieleza.

Ikishaamuliwa, andika kwenye chati mambo matatu siku hiyo hiyo: dalili gani inatibiwa, itapimwaje, na siku gani dawa itasimamishwa isipofanya kazi. Saa 48 hadi 72 zinatosha kuamua.

Dozi, na mahali hesabu inapokosewa

Kwetiapini ndiyo inayopendelewa katika ICU nyingi za watoto Marekani, kwa sababu inaleta usingizi kidogo na hukaza misuli kwa nadra. Kikundi cha Cornell huanza na mg 0.5 kwa kilo kila saa 8. Mtoto wetu wa kilo 14 anahitaji mg 7. Vidonge ni vya mg 25, kwa hiyo hakuna kipande cha kidonge kitakachotoa mg 7 kwa uhakika. Saga kidonge kimoja, changanya na maji hadi mililita 10, upate mg 2.5 kwa mililita. Tikisa vizuri, vuta mililita 2.8 mara moja kabla unga haujazama, pitisha kwenye mpira wa kulishia, suuza kwa maji. Kilichobaki kimwagwe. Hakikisha ni kidonge cha kawaida; cha kutoa dawa polepole hakisagwi, kwani dozi ya siku nzima itatoka kwa pamoja.

Risperidoni ni ya kunywa pia, ina maji ya mg 1 kwa mililita yanayorahisisha kupima, na huanzia karibu mg 0.01 kwa kilo kwa dozi, jioni kwanza. Olanzapini hutumika kwa watoto wakubwa, inalaza zaidi.

Haloperidoli ndiyo inayopatikana kwetu, na ndiyo pekee kati ya hizi inayotolewa kwenye mshipa kwa mtoto ambaye tumbo lake halipokei kitu. Huanza chini, mg 0.01 kwa kilo. Kwa kilo 14 hiyo ni mg 0.14. Ampuli ina mg 5 kwa mililita, na kiasi kinachotakiwa ni mililita 0.028, ambacho hakuna bomba la sindano litakalokipima. Anayevuta "kidogo tu" kwa jicho anaweza kumpa mtoto mara kumi ya dozi bila kujua. Weka ampuli moja ya mililita 1 ndani ya dekstrosi 5% hadi ifike mililita 50. Sasa una mg 0.1 kwa mililita, na dozi ni mililita 1.4, itolewe polepole huku mashine ya moyo ikitazamwa. Watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.

Soma jina lote kwenye ampuli. Haloperidoli dekanoeti ni ya mafuta, ya kuchomwa msulini mara moja kwa mwezi kwa wagonjwa wa akili wa muda mrefu, na hospitali zenye kliniki ya afya ya akili huwa nayo rafu moja na ile ya kawaida. Haiingii kwenye mshipa kabisa, na haina nafasi kwa mtoto mwenye deliriamu. Zitengwe kabati tofauti.

Hakuna antisaikotiki iliyosajiliwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kwa ajili ya deliriamu ya watoto, na haloperidoli ya mshipani haikusajiliwa hata kwa watu wazima. Mwaka 2007 mamlaka hiyo ilitoa onyo kuhusu mapigo hatari ya moyo kwa njia hiyo. Mzazi aambiwe hivyo kwa maneno yanayoeleweka, na ridhaa yake iandikwe.

ECG: namba moja inayoweza kudanganya

Dawa hizi hurefusha QT, yaani muda moyo unaochukua kujiandaa kwa pigo linalofuata. Ukirefuka sana, moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya kasi yasiyosukuma damu. QT hurekebishwa kulingana na kasi ya moyo ili kupata QTc, na kwa watoto hapo ndipo pana shida, kwa kuwa moyo wao unakwenda mbio.

Tuseme mapigo ni 150 kwa dakika na QT iliyopimwa ni milisekunde 300. Kutoka pigo hadi pigo ni sekunde 0.4. Kwa kanuni ya Bazett, 300 inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 0.4, yaani 0.632, na QTc inakuwa 474. Kwa kanuni ya Fridericia inagawanywa kwa kipeuo cha tatu cha 0.4, yaani 0.737, na QTc inakuwa 407. Mtoto yule yule, karatasi ile ile. Namba ya kwanza inatia shaka, ya pili haina tatizo. Mashine nyingi huchapisha Bazett bila kusema, nayo huzidisha moyo ukienda kasi. Chagueni kanuni moja, iandikwe kando ya namba, na vipimo vyote vya mtoto huyo vitumie hiyo hiyo. Pimeni kwa rula pia, maana mashine hukosea pale mawimbi yanapogusana.

ECG ya kwanza kabla ya dozi, nyingine ndani ya saa 24, na nyingine kila dozi inapopanda. QTc ikivuka 500, au ikipanda zaidi ya milisekunde 60 juu ya ile ya mwanzo, dawa inasimama. Potasiamu iwe karibu 4 mmol/L au juu yake, na magnesiamu na kalsiamu zisiwe chini. Mtoto anayeharisha au anayepewa furosemidi hupoteza madini hayo kila siku.

Chunguza pia dawa zinazovuta upande ule ule: azithromaisini, erithromaisini, siprofloksasini, flukonazoli, ondansetroni, methadoni, na kwinini ya dripu. Mtoto wa malaria kali aliyeanzishiwa kwinini kwa kukosa atesunati, akaongezewa haloperidoli kwa fujo na ondansetroni kwa kutapika, amewekewa mizigo mitatu juu ya moyo mmoja, kila mmoja na daktari wake.

Kwetiapini ina mambo yake. Inavunjwa na ini kupitia njia ambayo ritonaviri, flukonazoli na klarithromaisini huiziba, hivyo mtoto anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri anaweza kupata kiwango kikubwa mno kwa dozi ndogo. Rifampisini, fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hufanya kinyume chake. Dawa inavunjwa upesi, haifanyi kazi, dozi inapandishwa, kisha siku rifampisini inapoachwa mtoto anazidiwa. TB na VVU vikiwa vya kawaida kwetu, swali hili liulizwe kila mara.

Madhara yanayovaa sura ya deliriamu

Mbaya zaidi ni kutotulia kunakoletwa na dawa yenyewe. Mtoto anatikisa miguu, anajinyonganyonga, hawezi kukaa. Muuguzi anaona fujo imezidi, daktari anapandisha haloperidoli, fujo inazidi. Kama kuhangaika kumeongezeka saa chache baada ya dozi, jaribio la kwanza ni kupunguza.

Shingo kupinda, macho kupanda juu na kukwama, taya kukaza: huu ni mkazo wa misuli, hutokea siku za mwanzo, na mtoto yuko macho akiteseka wakati mwingine huku watu wakidhani ni degedege. Unatibika kwa promethazini au benzeksoli, ambazo nazo huchochea deliriamu. Basi itolewe dozi ndogo kadiri inavyotosha, na antisaikotiki iachwe. Metoklopramidi, inayoandikwa ovyo kwa kutapika, huleta mkazo huo huo, na haipaswi kuwa kwenye chati moja na haloperidoli.

Homa kali, mwili mgumu kama ubao, presha inayoyumba, na kimeng'enya cha misuli, CK, kilichopanda sana: ni adimu na huua. Kwa mtoto mwenye sepsisi homa inaonekana ya kawaida, kwa hiyo kinachokutahadharisha ni ugumu wa mwili. Shika kiwiko, ukikunje na kukikunjua. Ukikuta kigumu, dawa inasimama saa hiyo, mtoto anapozwa, anapewa maji, na figo zinalindwa.

Kuondoa

CAPD ikiwa chini ya 9 kwa saa 24 hadi 48 na chanzo kimeshughulikiwa, dozi inaanza kushuka. Iliyotumika siku tatu nne inaweza kuachwa mara moja. Iliyozidi wiki hupunguzwa kwa siku kadhaa, dozi ya mchana kwanza, ya usiku mwisho. Dalili zikirudi, tafuta tena chanzo kabla ya kurudisha dawa, kwa sababu mara nyingi utakuta homa mpya, mrija uliochafuka, au mtu aliyerudisha diazepamu usiku.

Kosa la mwisho hutokea mlangoni. Mtoto anahamishwa kutoka ICU kwenda wodini, kutoka wodini kwenda nyumbani, na risperidoni inafuatana naye kwa sababu kila aliyenakili chati alidhani mwenzake alikuwa na sababu. Kwenye barua ya kuruhusiwa iandikwe dawa ilianza lini, kwa dalili gani, dozi ya sasa, na tarehe ya dozi ya mwisho. Anayelazimika kuondoka nayo arudi kliniki ndani ya wiki. Mzazi aambiwe kwamba jinamizi, usingizi wa kukatika na kumng'ang'ania mama vinaweza kuendelea kwa wiki kadhaa, na hivyo si sababu ya kwenda duka la dawa kuomba chupa nyingine. Mtoto akipinda shingo, akizimia, au akipata homa pamoja na mwili kukakamaa, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, na dawa zake zote zije naye ndani ya mfuko.